Yangeyange Mia na Arobaini na Tatu

Kazi niliyoijua duniani ilikuwa moja tu, kuhesabu. Miaka kumi na mmoja nilikaa mlangoni mwa ghala la mahindi la umma mjini Sumbawanga, kalamu sikioni, nikihesabu magunia yanayoingia na yanayotoka, na hakuna mpakiaji aliyewahi kupita mbele yangu na gunia ambalo sikuliandika. Halafu ikaja ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi, malori yao yakawa yanapakia huko huko vijijini, ghala letu likabakiwa na panya na mlinzi mmoja, na mimi nikapewa barua ya kunishukuru kwa utumishi mwema. Sikuwa na ugomvi na soko huria. Lilituletea mitumba, na sabuni za kuchagua badala ya ile moja ya kupanga foleni. Lakini lilinikuta na miaka thelathini na minne na ustadi ambao hakuna aliyeuhitaji.

Kwa hiyo jirani yangu, mwalimu wa baiolojia pale sekondari, aliponiambia anatafuta watu wa kuhesabu ndege bure, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Angesema tuhesabu nzi ningekubali vilevile.

Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti moja la mtumba lenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Alikuwa ameandikiana barua na wapenda ndege wa Dar es Salaam, nao wakamtumia bunda la fomu. Fomu zilitaka kila mwezi, Jumamosi moja, saa ileile, mahali palepale, tuandike ndege na wanyama wa porini wanaoishi mjini pamoja na watu, ili ijulikane kama mji unapokua unawafukuza au unawalisha. Darubini tulikuwa nayo moja, aliyoiacha padre mmoja aliyerudi kwao, na kioo chake cha kushoto kilikuwa kimeota ukungu. Ukitazama kwa jicho la kulia unaona mwewe. Ukitazama kwa yote mawili unaona mwewe ndani ya moshi.

Tulikuwa watu saba. Sijui kama msomaji anaujua mji wetu kwa sifa zake za uchawi. Popote nchini, ukitaja kwamba umetoka Sumbawanga, mtu uliyekaa naye benchi moja anasogea kidogo. Sasa fikiria watu wazima saba wamesimama alfajiri kwenye baridi ya Ufipa, wamevaa makoti, wanakodolea paa la nyumba ya mtu na kuandika kwenye karatasi. Mama mmoja alitufungulia dirisha, akatutazama, akasema, "Nendeni mkahesabu kwingine, kwangu hakuna kitu," akafunga dirisha na pazia. Mzee mwingine alifanya kinyume chake. Alitutolea bata wake sita tuwaongeze kwenye orodha. Yeye alikumbuka miaka ya uhaba, wakati mtu aliyehesabiwa ndiye aliyepata sukari, na hakutaka mtaa wake usahaulike kwenye mgao, hata kama haijulikani ni mgao wa nini.

Na sisi wenyewe wahesabuji hatukuwa wasafi. Tulikuwa watu tuliolelewa na malengo. Tangu utoto tulisikia kijiji fulani kimevuka lengo la ekari, tarafa fulani imevuka lengo la pamba hata kama pamba haioti huko, na hakuna aliyewahi kusikia kijiji kimeandika ukweli kikapigiwa makofi. Mwenzetu mmoja, fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi, mwezi wa kwanza alileta mwewe thelathini na mmoja kwa mtaa wake. Mwezi uliofuata mtaa wa jirani ukaleta arobaini. Mwezi wa tatu fundi akaleta hamsini na wanane.

Nilimfuata Jumamosi ile ile, nikarudia njia yake yote. Mwewe walikuwa tisa.

Tulikuwa tunakutana kwenye chumba kidogo tulichoazimwa na ofisi ya mji, na hapo, mbele ya wote, nikasimama na kusema, "Mwewe wa huyu bwana ni tisa. Hao arobaini na tisa wengine amewatoa ndani ya redio." Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Fundi alijitetea kwamba mtaa wao hauwezi kushindwa na wale wa ng'ambo, kwamba kila mtu anatia chumvi kidogo, kwamba mwewe wanazunguka na huenda nao walikuwa wamesafiri. Sikumwachia. Nilimsema kama mtoto aliyeiba nyama chunguni. Tangu siku hiyo tukaweka sheria kwamba kila hesabu ifanywe na watu wawili na wote wawili watie sahihi, na mimi nikawa mkuu wa hesabu. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kufuatana na mkali wala na mwongo, nilipangwa na fundi.

Nakiri nilivimba kichwa. Nilikuwa nimenyang'anywa ghala, sasa nimepewa anga, na humo hakuna aliyenipitishia kitu.

Mwisho wa mtaa wetu, pale mji unapoishia kwenye bonde la kijito na milima ya Mbizi inaanza kupanda, alikuwa anakaa mama mmoja wa Kisukuma. Walikuja yeye na mumewe kutoka kaskazini wakiswaga ng'ombe, kama wengi walivyokuja miaka ile kutafuta malisho. Mume akafa. Mdogo wake mume alikuwa ameshajenga Kaoze, chini kwenye bonde la Rukwa, akatuma ujumbe kwamba ng'ombe wa marehemu washuke huko, na mjane ashuke nao, arithiwe. Mama alijibu kwamba hashuki. Akajenga nyumba yake pale ukingoni mwa mji, mahali ambapo shemeji hawezi kusema ni pori la ukoo, akaishi na ng'ombe wake kwa amani.

Ofisi ya mji iliruhusu ng'ombe wawili wa maziwa kwa kaya, wafungiwe na kulishwa ndani. Mama alikuwa nao wawili, wamesajiliwa na kuandikwa. Alikuwa pia na wengine thelathini na kitu ambao hawakuwa na mazoea na ofisi. Hao walitoka alfajiri na mapema, wakavuka kilima na kurudi giza linapoingia. Bwana mifugo wa mji alikuwa mtumishi wa umma, na saa zake za kazi zilijulikana hata na ng'ombe.

Mtaa mzima ulijua. Nani angesema? Maziwa yake tulikunywa wote. Na yule mama alikuwa mtani wetu, maana Wasukuma na Wafipa tunataniana, na utani wake haukuwa wa kubembeleza. Nikipita asubuhi nasema, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba mtani. Leo umekuja kwa miguu? Ungo umepasuka?" Nami namwuliza kama ameoga mwaka huu au bado anasubiri mvua ya kwao. Tunacheka, tunaagana.

Mbele ya nyumba yake ilisimama mikaratusi saba mirefu, na kwenye mikaratusi hiyo walilala yangeyange. Ni wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe malishoni, kila mmoja nyuma ya kwato zake kama msaidizi wa ofisa. Msimu wa mvua walijenga pale viota vyao, na wengine walikuwa wameota rangi ya chungwa kichwani na kifuani. Jumamosi ya Januari, zamu ya mikaratusi ikatuangukia mimi na fundi.

Tulifika kabla hawajaruka. Nilitumia njia ya ghalani. Kila ndege kumi wakiondoka, punje moja ya mahindi inatoka mfuko wangu wa kulia inaingia wa kushoto. Walitoka kwa makundi, wakielekea kilimani, na mimi sikupepesa. Punje kumi na nne, na ndege watatu juu yake.

"Mia na arobaini na tatu," nikasema.

Fundi, aliyekuwa amejifunza adabu, aliniangalia kwa wasiwasi. "Dada, una uhakika si mia moja hivi?"

"Mia na arobaini na tatu."

Akatia sahihi. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote tulizowahi kupata, na nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyepandishwa cheo. Yule mama sikumfikiria hata chembe. Nataka niliseme hilo wazi, maana wengine baadaye walidhani nilisita. Sikusita. Nilipita mlangoni kwake, nikamsalimia, akanitania, nikaendelea na njia yangu na namba yangu.

Mwalimu, ili kulipa fadhila ya chumba, alikuwa na desturi ya kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mji, kwa kalamu nene ya rangi. Hakuna aliyekuwa akiyasoma. Mwezi ule akasoma mtu mmoja.

Bwana mifugo alikuwa mnene, mpole, mwenye pikipiki iliyokohoa. Alikuja kwenye kikao chetu, akakaa kiti cha mbele bila kualikwa, akasubiri tumalize mambo ya kunguru. Kisha akasema, "Mimi si mtu wa ndege. Lakini yangeyange nawajua. Hao hawali majani. Wanakula panzi wanaofurushwa na miguu ya ng'ombe. Ndege mia na arobaini na tatu wanalala pale kwenye mikaratusi. Ng'ombe wawili wanawalishaje?"

Mtu mmoja alianza kuchunguza kucha zake.

"Nimeambiwa mara nyingi kuna kundi kule, nikienda silioni. Sasa nimelipata kwenye ubao." Akanigeukia, na akasema kwa heshima kabisa, "Na aliyehesabu ni dada wa ghala. Kama ni mwingine ningesema amekosea. Huyu hakosei. Dada, nithibitishie tu kwa mdomo wako, niandike ripoti. Wiki ijayo kundi lishuke bondeni, sheria ndiyo hiyo."

Miaka yote nilikuwa nangoja mkubwa yeyote aseme hivyo. Huyu hakosei. Na alipolisema nilitamani kujificha chini ya meza. Kushuka bondeni maana yake ni Kaoze. Nilimwona yule mama akiteremka mteremko wa Rukwa nyuma ya ng'ombe wake, na shemeji amesimama chini anawapokea wote kwa pamoja, yeye na mifugo.

"Nilikosea," nikasema.

"Umekosea nini?"

Sikuwa nimepanga chochote. Nilitazama nje ya dirisha nikitafuta msaada, na kwenye uzio wa ofisi ulikuwa umenasa mfuko wa nailoni, mweupe, unapeperuka. Ilikuwa ndiyo miaka mifuko ile imeingia. Zamani tulikwenda sokoni na vikapu. Sasa kila duka lilikufungia hata kiberiti kwenye mfuko mweupe, ukifika nyumbani unautupa, na upepo unaupandisha mtini.

"Wale hawakuwa ndege wote," nikasema. "Wengi walikuwa mifuko ya nailoni."

Nilisikia saa ya ukutani.

"Mifuko," akarudia bwana mifugo. "Mingapi?"

"Mia na thelathini na tano."

"Kwa hiyo ndege walikuwa..."

"Wanane."

Mwalimu alifumba macho. Na hapo nikakumbuka kwamba fomu ile ilikuwa na sahihi mbili. Watu wote wakamgeukia fundi redio. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kunizika akiwa anacheka, ni yeye. Alivua kofia, akaikunja, akasimama taratibu kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

"Mimi niliiona mifuko ile," akasema. "Nikamwambia dada, hiyo ni mifuko. Akakataa kunisikiliza. Akanigombeza. Si mnamjua alivyo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na katika kicheko kile uongo wangu ukapita. Walikuwa tayari kuamini lolote kuhusu ubishi wangu. Fundi alikaa akavaa kofia yake. Hakunitazama, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka. Nilimshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja, na sijawahi kujua ni lipi lilizidi.

Bwana mifugo peke yake hakucheka. "Sawa," akasema. "Jumamosi tutahesabu wote."

Nilikwenda kwa yule mama mchana ule ule, nikamweleza kila kitu, nikitegemea matusi. Alicheka mpaka akakaa chini, akapiga paja, akanirudisha kwenye mifuko mara tatu ili acheke tena. Kisha akaacha kucheka.

"Mtani, kwa nini uliwahesabu?"

Nikasema walikuwepo.

"Nikishuka Kaoze sirudi," akasema. "Ng'ombe watakuwa wake, na mimi nitakuwa wake. Yule namjua. Anangoja tu mtu wa serikali amsaidie kuniswaga."

Nikamwambia Jumamosi ng'ombe watoke jogoo la kwanza. Akasema hilo hahitaji kufundishwa na Mfipa.

Jumamosi ilikuwa na baridi na manyunyu. Tulikuwa saba na bwana mifugo wa nane, amevaa koti la mvua na kofia ya pama. Kundi lilikuwa limeshaondoka. Ndani ya zizi walibaki wale wawili halali, wanacheua kwa sura ya watu wasiojua lolote. Tatizo lilikuwa samadi. Samadi ilikuwa kila mahali, mbichi, kwa wingi wa kutosha kusiliba shule.

"Wawili hawa," bwana mifugo akasema akichagua pa kukanyaga, "wanakunya vizuri."

"Wanashiba, baba," akasema mama.

Tukasimama chini ya mikaratusi. Juu palikuwa peupe, na kila tawi lilikuwa limebeba. Bwana mifugo akamwelekea mwalimu. "Mwalimu, wewe ni mtu wa sayansi. Nini hivi?"

Namjua mwalimu. Hajawahi kumwongezea mwanafunzi alama moja, hata mtoto wa dada yake alimfelisha. Aliinua darubini, akatazama muda mrefu, akaishusha, akaifuta, akatazama tena. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, "Mifuko."

Mfuko mmoja ukapiga mabawa na kuruka kuelekea kilimani.

"Na ule?" akauliza bwana mifugo.

"Upepo, bwana," akasema fundi. "Ufipa kuna upepo sana."

"Naona una miguu."

"Ni mishikio yake."

"Na ile pale yenye rangi ya chungwa?"

"Ile ilifungiwa mawese. Mawese ya Kabwe hayatoki hata ukifua."

Wenzetu wengine wakaanza kuhesabu kwa sauti, mfuko mmoja, mfuko wa pili, kwa uso mkavu kama wa kwaya ya msibani, na juu yetu mifuko inalia kwa koo, inagombania matawi na kuchukua vijiti mdomoni. Mmoja ulimnyea bwana mifugo begani. Alilitazama doa lile. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kisha akamgeukia yule mama, aliyekuwa amesimama kando, khanga imekazwa kifuani.

"Mama, una ndugu upande huu?"

"Nina shemeji, Kaoze."

"Mnaelewana?"

"Hapana, baba."

Bwana mifugo akafungua daftari lake, akaliwekea mkono juu lisilowe, na akaandika huku akisoma kwa sauti, "Mifuko ya nailoni, mingi sana. Uchafu uliokithiri. Hili si suala la mifugo, lipelekwe kwa bwana afya." Akafunga daftari, akawasha pikipiki yake kwa teke la nne, akaondoka bila kuaga. Sijui kama ana mke au alikuwa na dada aliyerithiwa. Sikumwuliza, wala hakuwahi kunieleza. Mpaka leo nikimkumbuka namtakia mema.

Tuliruka kama watoto. Mama alitutolea maziwa mgando kwenye vibuyu, tukanywa na kuigiza sauti ya mwalimu akisema mifuko, naye mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Wabeja," mama akawa anasema kwa kila mmoja, asante ya kwao, "wabeja sana."

Mjini, lakini, nilikwisha. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Nikawa Dada Nailoni. Wapakiaji wa zamani wa ghala, watu niliowahenyesha miaka kumi na mmoja, walikuwa wakinionyesha mfuko barabarani na kuniuliza huyo ni ndege gani. Kwenye kikundi ukuu wa hesabu ukaenda kwa fundi redio. Ilibidi, vinginevyo uongo usingekamilika, na mwalimu alinieleza hivyo faraghani kwa upole sana. Niliitikia, nikaenda nyumbani, na siku hiyo sikupika. Barua ya kuachishwa kazi haikuniuma kiasi kile. Nilijiliwaza kwamba ng'ombe wapo, mama yupo, na heshima yangu ni kitu kidogo ukiilinganisha na hayo. Nilijiliwaza hivyo kama mara ishirini kwa siku.

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia ni kwamba ripoti itasomwa.

Nimeishi chini ya ripoti maisha yangu yote. Nimeziandika na kuzigonga mihuri, na wakati mwingine nimefungia maandazi kwa nakala zake. Sijawahi kuona moja ikitekelezwa. Hii ilitekelezwa. Bwana afya alikuwa mgeni, amehamia karibuni, ana bidii. Alisoma kwamba kuna uchafu uliokithiri juu ya mikaratusi, akaja siku moja mchana, ndege wengi wakiwa malishoni, akaona chini ya miti kinyesi cheupe na takataka za vijiti, akaridhika. Miti ilikuwa mirefu, hakuna wa kuipanda. Akaamua ikatwe, na nguzo zake zikafae kwingine.

Ilikuwa mwisho wa Februari, siku ya kazi, mchana. Nilisikia shoka kutoka nyumbani, nikadhani mtu anapasua kuni. Liliposikika la pili na la tatu kwa pamoja nikatoka mbio na kandambili moja. Nilikuta mti wa kwanza umeshalala. Wa pili ulikuwa unakatwa, na hewa yote juu yake ilikuwa nyeupe. Wazazi walizunguka wakilia, hawatui wala hawaondoki.

Nilimshika mkono msimamizi wa wale vibarua. Nikamwambia aache, kuna viota, kuna makinda, hao ni ndege.

Aliniangalia, akanitambua, uso wake ukachanua.

"Dada Nailoni! Si wewe mwenyewe uliyesema ni mifuko?"

Vibarua wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesikia kichekesho mjini na sasa wamekutana na mwenyewe. Nilifungua mdomo. Mlangoni kwake, nyuma ya msimamizi, alikuwa amesimama yule mama ananitazama. Kama nikisema ni ndege, mia na arobaini na tatu, na kwamba nilijua tangu mwanzo, basi kuna ng'ombe wanaowalisha, na ripoti nyingine itaandikwa na kusomwa kama ile. Nikafunga mdomo.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema."

Wakakata yote saba. Ilichukua mpaka saa kumi jioni. Nilisimama pale mpaka mwisho, kwa sababu kuondoka kungekuwa aibu zaidi.

Walipokwenda, mama alitoka na ungo wake tukaingia kwenye matawi. Makinda walikuwa na manyoya machache, midomo mipana, na wengi walikuwa wamekufa kwa kuanguka tu. Wengine walikuwa bado wanafungua midomo kwa yeyote anayewainamia, na walitufungulia sisi. Tuliwaweka hao kwenye tenga lenye majani, ndani ya zizi kwenye joto la ng'ombe. Alipika uji wa ulezi, akawakamatia panzi, akawalisha kwa kijiti. Hawakukaa. Walikwisha mmoja mmoja, na wa mwisho alikufa Jumapili tukiwa tumemshika. Siku zote hizo yule mama hakunitania hata mara moja. Aliniita mwanangu. Nilikuwa naomba anitukane.

Mwalimu alikuja na fomu ya mwezi. Alikuwa na mahali pa kujaza, mikaratusi saba ya bondeni, na mbele yake nafasi ya namba, na maelezo ya fomu yalisema nafasi isiachwe wazi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama niliwahesabu waliokufa. Alijua mimi ni mtu wa namna gani.

Niliwahesabu. Mikono yangu ilikuwa inawaweka kwenye ungo na kichwa kinaenda chenyewe, kumi, kumi na mmoja, kumi na wawili, mpaka mwisho, na sikukosea hata mmoja. Namba ninayo mpaka leo. Nikamwambia mwalimu sikuhesabu. Akakunja fomu, akaitia kwenye mfuko mmojawapo wa koti lake, akaniaga.